Neno la Mume wa Diwani

Kambi Mbao,
2 Januari 1993

Baba Keziah,

Nimeshinda. Nimeliweka neno hilo mbele ya salamu ili usihangaike kulitafuta katikati ya karatasi. Kata ya Mnadani imenipa udiwani, mimi mwalimu wa darasa la tatu, na wanaume niliopambana nao wamerudi makwao wamenuna. Jina langu lilipotajwa pale ukumbini, Philister alinibeba mgongoni akanizungusha mbele ya polisi.

Philister humjui. Ni mjane aliyefukuzwa shambani kwake kule ukingoni mwa msitu katika vurugu za mwaka jana. Anaishi na wanawe katika uwanja wa mnada wa ng'ombe, chini ya karatasi ya nailoni, pamoja na familia nyingine nyingi zilizokimbia. Wao ndio waliozunguka mlango kwa mlango kunitafutia kura. Nami niliwaahidi hadharani kwamba hakuna atakayewaondoa pale mpaka wawe na mahali pa kurudi.

Sasa kazi ndiyo inaanza. Uwanja ni mali ya baraza la mji, na mwenye kiti cha baraza ndiye mwenye uwanja. Madiwani tuko kumi na mmoja. Chama tawala kimepata watano, wakiongozwa na Bwana Walter, mwenyekiti wa zamani, ambaye ameapa kuusafisha uwanja huo kabla ya mvua za masika. Chama cha Zadock, yule mliyesoma naye sekondari, mwenye duka la mabati na malori, kimepata wanne. Chama chetu kimepata wawili: mimi na Mzee Kamau, fundi seremala aliyetutengenezea kitanda. Zadock hawezi kumshinda Walter bila sisi wawili, na sisi hatuwezi kitu bila Zadock. Kwa hiyo Jumatatu tunakaa naye chini.

Keziah ameingia darasa la nne. Anauliza kama theluji inaliwa. Nyumbani ni salama, usiwe na wasiwasi.

Wako,
Rahab


Minneapolis,
6 Januari 1993

Mama Keziah,

Nimekaa na redio ya mawimbi mafupi hadi sikio likauma. Wanataja Rais, wanataja wabunge, lakini ni nani duniani atakayetaja Kambi Mbao? Naandika bila kujua kama naandikia mwalimu au diwani.

Kama umeshindwa, mshukuru Mungu. Kama umeshinda, mshukuru vilevile, lakini jihadhari na mlango wako. Yale ya mwaka jana sijayasahau, ingawa niliyasoma magazetini tu nikiwa huku. Wenzangu hapa wanasema wale wenye mapanga hawakuzaliwa msituni. Walitumwa, na aliyewatuma bado yuko.

Huku baridi imefika mahali ambapo mtu akitoka nje machozi yanaganda kwenye kope. Bado niko na Timothy, yule kijana wa Nkubu anayesomea kompyuta, katika vyumba vyetu viwili hapa mtaa wa Phillips. Anapika ugali mgumu kama tofali na anajisifu. Kule Fridley, kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, wamenipumzisha kidogo kwa sababu shifti hupungua baada ya sikukuu. Masomo yanaendelea vizuri. Mei ni karibu.

Nakuomba uifikirie habari ya kuja. Wewe na mtoto. Mengine nitajua mimi.

Ni mimi,
Francis


Kambi Mbao,
15 Januari 1993

Baba Keziah,

Barua yangu bado iko njiani na hii nayo inaifuata. Nina mengi, na hapa sina wa kumwambia.

Tumekaa na Zadock mara tatu, nyuma ya duka lake, juu ya magunia ya saruji. Anataka kiti cha mwenyekiti. Tumempa. Anataka kamati ya ujenzi. Tumempa hiyo pia. Sisi tumeomba jambo moja tu: kabla ya siku ya kura, aende uwanjani, asimame mbele ya padri wa parokia yetu na watu wale, aseme kwa mdomo wake kwamba hawatahamishwa. Hapo ndipo anapoteleza kama sabuni. Alitabasamu akasema siasa si harusi, hatuhitaji mashahidi. Nikamuuliza, kama anakubali moyoni, kwa nini mdomo unakataa? Akaniagizia soda.

Mzee Kamau anaamini Zadock mwenyewe anautaka ule uwanja kwa ajili ya malori yake. Nami sasa naamini hivyo. Lakini ukimkataa Zadock unampata Walter, na Walter hafichi anachotaka.

Tulipotoka nje, Mzee Kamau alitema mate kiganjani, nami nikatema kwangu, tukashikana mikono. Tumeapa kwamba hakuna mmoja wetu atakayekubali lolote bila mwenzake. Ameniambia watu wanafika kwenye karakana yake kila siku na sukari na maneno matamu, lakini ameishi miaka sabini bila sukari yao. Sina mwingine katika baraza lile ila yeye.

Keziah nimempeleka kwa nyanya yake Nkubu akae kidogo, maana vumbi la huku linamkohoza. Paa linavuja upande wa jikoni, si kitu.

Furahia masomo yako. Nikiwaza kwamba Mei utavaa lile joho, nguvu zinanirudia.

Rahab


Minneapolis,
24 Januari 1993

Mama Keziah,

Barua yako ya ushindi ilifika Jumanne. Niliisoma nikacheka mpaka Timothy akaja kuniuliza kuna nini. Kicheko chenyewe hakikumaliza wiki.

Jana tulikuwa kitongoji cha Crystal, nyumbani kwa dada Alice, muuguzi, ambako Wakenya hukutana kwa maombi. Alice ana shangazi Nakuru aliyempigia simu. Baada ya maombi aliniita jikoni, akaniambia huku akikata kabeji bila kuniangalia usoni kwamba Kambi Mbao nyumba ya diwani mpya imeteketezwa, na diwani mwenyewe ni mwanamke. Diwani mwanamke huko ni mmoja tu.

Kwa nini nisikie habari ya nyumba yangu jikoni kwa watu? Unaniandikia habari za theluji na kupanda darasa. Mimi ni mume wako au ni mgeni wa kupewa chai na kuambiwa kila kitu ni sawa?

Alice aliniruhusu kutumia simu yake. Shuleni kwako haikupokewa. Nikapiga kwingine. Nimezungumza na mtu wa huko, mtu mwenye uwezo, na amenihakikishia kwamba wewe hujaumia, mtoto yuko Nkubu, na kuanzia sasa hutaguswa. Usiniulize ni nani. Utamjua.

Nakuomba kama mume, na kama hilo halitoshi, nakuomba kama baba wa Keziah: wakikuletea neno la kukubali, likubali. Uwanja utabaki kuwa uwanja. Wewe ukiondoka sipati mwingine.

Francis


Nakuru,
27 Januari 1993, asubuhi

Baba Keziah,

Sasa nikuambie kweli. Siku moja baada ya kuposta barua iliyopita, nikiwa kwenye mkutano na Zadock, walikuja mchana wa jua kali wakamwaga petroli jikoni. Majirani walitazama kutoka madirishani. Nilipofika palikuwa na kuta nne na kile kitanda kikitoa moshi. Kabla ya hapo walikuwa wamerusha mawe mara mbili, na ndiyo sababu nilimwondoa Keziah. Hakuwa na kikohozi. Sikukuambia kwa kuwa uko katika mwaka wa mwisho, na mtu akisoma barua kama hii hawezi tena kusoma kitabu. Nisamehe.

Philister ndiye aliyenichukua. Nimelala chini ya nailoni yake, yeye upande huu, watoto katikati, mimi upande ule. Alinipa blanketi lake akasema yeye amezoea. Niliwaahidi hifadhi watu wale, na wao ndio walionihifadhi.

Tangu Jumatatu Zadock ametufungia hapa Nakuru katika hoteli ndogo, sisi sita, ili Walter asimnunue yeyote kabla ya kura ya Ijumaa. Wanaume wanalala wawiliwawili, Zadock peke yake. Mimi nimepewa chumba cha wapishi. Hakuna anayetoka bila mwenzake, hata kwenda dukani. Kila tukila tunaanza upya: sisi tunadai asimame uwanjani, yeye anasema tumwamini. Mzee Kamau hajatetereka. Jana aliniambia tukishikilia hadi Alhamisi Zadock atalegea, kwa sababu kiti anakitaka kuliko anavyoutaka uwanja.

Nami naona hivyo. Nimechoka sana, lakini naona hivyo. Siku mbili tu zimebaki.

Nimempa mpishi barua hii aiposte.

Rahab


Kambi Mbao,
3 Februari 1993

Francis,

Niandikie mstari mmoja tu. Niandikie kwamba hukusema.

Jioni ya siku ileile niliyokuandikia tulikuwa mezani. Nilirudia sharti letu. Zadock akajipangusa mikono. Alimgeukia Mzee Kamau.

"Mzee, tusichoshane," akasema. "Huyu mama ameshakubali tangu Jumapili. Mumewe amenipigia simu kutoka Amerika, akanipa neno."

Nilicheka. Francis, nilicheka mbele ya watu, kwa kuwa nilijua si kweli. Nikamwambia mume wangu akiwa na neno ataniambia mimi. Zadock hakukasirika. Akamtaja Alice wa Crystal ambaye simu ni yake. Akataja lile jina la utani walilokuita shuleni, ambalo umenikataza nisiwaambie hata ndugu zako. Kisha akasema, kwa sauti ya huruma, kwamba wasinilaumu, mume wangu ni mgonjwa, ameumia mgongo na hana kazi tangu Novemba, na mwanamke mwenye mzigo kama huo lazima atafute pa kuegemea.

Hapo nilisimama nikamwita mwongo. Nilisema mume wangu ni mzima, anahitimu Mei. Wote walinitazama kama mtu anayetazama mtoto asiyejua kwamba baba yake amefariki.

Mzee Kamau alimaliza chakula chake, akanawa. Nilimfuata ukumbini nikamwambia sijakubali chochote, akaitikia kwa kichwa akaenda kulala. Asubuhi kitanda chake kilikuwa kitupu.

Ijumaa tulimkuta barazani, ameketi upande wa Walter, ameshika kofia. Kura zilikuwa za siri, lakini hesabu haikuwa siri. Walter sita, Zadock watano.

Nilimngoja nje. Sikumtukana. Nilimuuliza kwa nini. Akaniambia, "Neno la mume ni neno la nyumba, mama. Mliniuza. Kama ni kuuzwa, nikaona afadhali nijiuze mwenyewe." Nikamwapia kwamba sikujua. Aliizungusha kofia mikononi. Nadhani aliniamini, na kuniamini kulimuumiza kuliko kutoniamini, kwa sababu alikuwa ameshapiga kura.

Philister ameniuliza ilikuwaje. Nimemwambia tulishindwa. Sikuweza kumwambia kilichotushinda.

Mstari mmoja, Francis. Wengi wanaweza kulijua jina la utani. Niambie hukusema.

Rahab


Minneapolis,
7 Februari 1993

Mama Keziah,

Leo jua limetoka, ingawa ni jua la huku, la kutazamwa tu. Nimehesabu siku nilizotajiwa kwenye simu, kura ilikuwa Ijumaa wiki iliyopita. Kwa hiyo sasa naweza kukuambia: mtu niliyezungumza naye ni Zadock. Nilidhani utanicheka ukijua. Tulikumbushana mambo ya bwenini kama vijana. Nilimwambia ninavyokujua, kwamba una msimamo lakini una busara, kwamba mwishowe utakubali. Alisema hilo tu ndilo lililomfanya apate usingizi.

Nadhani hivi sasa ni mwenyekiti. Mpe pongezi zangu. Mwambie asisahau alichoniahidi.

Barua yako ya kiapo imefika. Mzee Kamau ni mtu wa zamani, anapenda viapo, lakini nina hakika mlielewana. Katika siasa mtu akipata nusu ashukuru. Nyumba tutajenga nyingine. La muhimu uko hai na Walter hana kiti.

Kazini wananiita tena wiki ijayo. Profesa amesifu insha yangu. Mwambie Keziah aniandikie.

Nakupenda. Sijui kwa nini nimelisahau neno hilo katika barua zilizopita.

Francis


Minneapolis,
20 Februari 1993

Shemeji Rahab,

Hatujaonana, lakini nimekula sana kwa jina lako kwa sababu Francis kila akipika husema hivi ndivyo Rahab hupika. Mimi ni Timothy, ninayekaa naye. Hajui kwamba nakuandikia. Akijua atanikasirikia, lakini afadhali anikasirikie kuliko nikae hivi namtazama.

Barua yako ilifika Jumanne. Aliisomea pale chini kwenye masanduku ya barua, mlango wa nje ukiwa wazi, theluji ikiingia. Nilitoka class nikamkuta amekaa sakafuni. Nilidhani ni mgongo. Nikamuuliza kama ni-call ambulansi, akanipa barua nikaisoma. Nisamehe kwa hilo.

Shem, hakuna shifti zilizopungua. Kazi iliisha Novemba. Pale Fridley, mzee mmoja mzito aliteleza akitolewa bafuni, Francis akamdaka. Mzee hakuumia hata ukucha. Francis alisikia kitu kikikatika kiunoni, na tangu siku ile hawezi kusimama muda wa kuchemsha chai. Hawezi kukaa kwenye kiti cha darasani, kwa hiyo na shule ilimtoka kabla ya Krismasi. Analala sakafuni juu ya kadibodi, maana godoro linamuumiza. Barua zake zote anaziandika akiwa amelala kifudifudi. Nilimwambia akuambie ukweli. Alisema una uchaguzi, una mtoto, una watu wa uwanjani, huwezi kubebeshwa mwanamume mgonjwa pia.

Na ile simu. Sitakudanganya. Mimi ndiye niliyem-drive kwenda Crystal, na nilikuwa nimesimama kando yake jikoni kwa Alice. Hakupiga kelele. Alikuwa ameegemea friji. Alimwambia yule mtu, "Chukua kiti, chukua na uwanja. Niachie mke wangu." Yule mtu akauliza kitu, Francis akasema, "Rahab atakubali. Mimi mumewe nimesema." Akamweleza na habari ya mgongo, kwa sababu yule mtu alimuuliza kwa nini asirudi nyumbani kumlinda mkewe mwenyewe. Alipokata simu alilala chini palepale, watu wa maombi wakawa wanamruka kwenda kuchukua chai.

Tangu Jumanne anaandika na kuchana. Anasema uliomba mstari mmoja, na huo mstari hana. Hali chakula vizuri. Juzi alitaka kutoka nje bila koti, nikaufunga mlango, nikaketi mbele yake.

Mwandikie, shem. Hata kama ni matusi.

Timothy


Kambi Mbao,
12 Machi 1993

Francis,

Timothy ameniandikia. Usimgombeze. Ni yeye pekee kati yetu aliyesema kweli mara ya kwanza alipoandika.

Nikueleze kwanza yaliyotokea, kisha nitakueleza yaliyo yangu.

Zadock hakukaa upinzani hata mwezi mmoja. Walter alimpa umakamu na kamati ya ujenzi, naye akaja upande ule na watu wake wote wakiwa wameshona suti mpya. Wiki iliyopita baraza lilikaa. Ajenda ilikuwa moja, kusafisha uwanja wa mnada. Karani aliisoma kama anayesoma bei za mbuzi. Walter akaniambia kwa upole kwamba mimi ndiye diwani wa kata ile, na lingekuwa jambo la heshima niiunge mkono mimi, ili watu waondoke kwa amani. Zadock akaongeza kwamba sina haja ya kuogopa, nyumba yangu itajengwa.

Nilisema hapana. Nilikuwa nimeandaa hotuba, Francis, nimeikariri nikitembea, lakini nikasema hapana tu. Wakapiga kura kwa mikono. Mikono yote iliinuka isipokuwa wangu. Kiti cha Mzee Kamau kilikuwa kitupu. Alituma mtu kusema ni mgonjwa, na nadhani hadanganyi, maana tangu ile Ijumaa hajafungua karakana.

Siku ya pili yake malori yalifika. Yalikuwa ya Zadock. Niliyatambua, na watu waliyatambua, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa yakibeba watu kwenye mikutano ya kampeni. Askari walikata kamba za nailoni moja baada ya nyingine. Mvua ilikuwa imeanza. Nilimuuliza karani watu wanapelekwa wapi, akasema wanarudishwa wanakotoka. Nikamwambia wanakotoka kumechomwa. Akasema hilo si la baraza.

Philister alikuwa ameshika sufuria na mtoto wa mwisho. Nilipanda gurudumu la lori ili nimfikie, nikamwambia niliyokuwa nimemficha, kwamba ni mume wangu aliyetoa neno langu, na kwamba mimi sikumpa ruhusa. Nilitaka anichukie kwa haki. Alinisikiliza mpaka mwisho, mvua ikimpiga. Kisha akaniuliza, "Mume wako yuko hai?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Wangu angekuwa hai ningemtaka aongope namna hiyo hiyo." Lori likaondoka. Nilikimbia nyuma yake hadi kwenye daraja. Nimeuliza parokiani, nimeuliza polisi, nimemtuma mtu hadi msituni. Hakuna anayejua wameshushwa wapi. Blanketi lake bado ninalo mimi.

Sasa yaliyo yangu.

Nimekasirika na bado nakasirika. Kuna asubuhi naamka nimekunja ngumi. Si kwa sababu uliogopa. Nami niliogopa. Nimekasirika kwa sababu uliogopa kwa siri, na siri yako ukaipeleka kwa mtu mwingine. Wewe ulinificha mgongo, mimi nilikuficha nyumba. Kila mmoja alimwonea mwenzake huruma, na duniani kote mtu mmoja tu alijua habari zetu sote wawili, naye akazipanga juu ya meza kama karata. Zadock hakutushinda kwa akili. Tulimgawia sisi.

Na kuna jambo lingine ambalo nimelikataa mara nyingi kabla ya kulikubali. Kama ungeniandikia Novemba kwamba umelala sakafuni, nisingesimama kugombea. Ningekuja kukuuguza au ningekuita nyumbani. Philister asingepata wa kumpigia kura, labda asingepata pia wa kumsaliti. Nimelizungusha kichwani nikashindwa kujua lipi lingekuwa bora. Pengine hakuna lililokuwa bora.

Walter ametuma ujumbe kwamba nikijiuzulu nitarudishiwa darasa langu nililoliacha ili kugombea. Sitajiuzulu. Nina miaka mitano katika baraza lile na kila watakapokaa watanikuta nimekaa. Nitauliza kila mwezi wale watu walipelekwa wapi, na karani ataandika kwamba nimeuliza. Ninaishi katika stoo ya shule, dirisha linafungika. Keziah atabaki Nkubu mpaka nitakapoweza kumlinda. Anajua kwamba nyumba imeungua. Nilimwambia mwenyewe. Alilia, kisha akauliza kama paka alitoka. Nikamwambia sijui, kwa kuwa sijui.

Dada Alice ameniandikia pia, kwamba watu wa maombi wanaweza kukukatia tiketi. Sikukatazi kurudi. Chumba ni kidogo, sakafu ni ya saruji, kadibodi tutapata. Kama mgongo hautapona, basi tutaishi na mgongo usiopona, si wewe wa kwanza.

Lakini usipande ndege kwa barua ya Timothy. Yote aliyoniandikia nataka niyasome kwa mkono wako: yule mzee wa bafuni, chuo, sakafu, na yale maneno uliyosema kwa simu, neno kwa neno kama ulivyoyasema. Sitaki uniombe msamaha. Eleza tu. Ukimaliza, tia sahihi, unitumie kwa posta kama watu wengine.

Nitaisoma. Baada ya hapo nitakuambia njoo, na neno hilo litakuwa langu.

Rahab